Mwalimu wa Safari za Kitabuni

Mwalimu aliyenifundisha kusoma alikuwa hajawahi kufika mbali kuliko Songea, lakini alikuwa tayari kukueleza namna ya kuvuka jangwa kwa ngamia, namna ya kulala juu ya barafu bila kufa, na bakshishi inayomtosha mpagazi wa bandarini. Alikuwa na majibu ya nchi zote. Nchi moja tu ndiyo iliyomshinda, nayo ni ile tuliyokuwa tumeikalia.

Alizaliwa wapi, na nani, wa ukoo gani, hayo waulizeni wanaompenda. Wapo wengi. Jumapili baada ya misa huwasikia nje ya kanisa wakimwita mzee wetu, mwanga wetu, mtu aliyetufumbua macho. Mimi hufunga kanga yangu vizuri nikashika njia ya nyumbani. Nilikaa darasani kwake miaka minne, nikaishi jirani naye, ng'ambo ya kijito, mingi zaidi ya hiyo. Nasema niliyoyaona, na sitajifanya nayasema bila kinyongo.

Majibu yake yote yalitoka kitabuni, na kitabu chenyewe alipewa na bruda mmoja wa misheni aliyekuwa anarudi kwao mgonjwa. Kilikuwa cha Kiingereza, kinene, jalada limeliwa na mende pembeni. Ndani hamkuwa na safari moja. Mlikuwa na vipande vya safari za watu wengi, kurasa chache za huyu, kurasa chache za yule. Mmoja yuko Uarabuni, mwingine yuko kwenye bahari iliyoganda, mwingine anapanda mlima unaotema moto. Aliyevikusanya alivikata pale alipoona panapendeza, akaviacha hivyo. Mwalimu alisoma akifuatisha kwa kidole, akitutafsiria sentensi baada ya sentensi, nasi watoto wa Kimatengo, ambao hata Kiswahili tulikuwa tumekikuta shuleni, tulikaa midomo wazi. Hilo simnyimi. Alijua kusoma. Dubu alipolikaribia hema la yule mtu wa barafuni, hata waliokuwa wakisinzia waliamka.

Shida ni kwamba kipande kiliishia hapohapo, dubu yuko mlangoni. Tukauliza, "Mwalimu, yule mtu alirudi kwao?"

Naye alifunga kitabu taratibu na kusema, "Haijaandikwa."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Yule wa jangwani aliyeishiwa maji, alirudi? Haijaandikwa. Yule aliyeuza saa yake ili apate nauli, mkewe alimpokeaje? Haijaandikwa. Katika kitabu kile hakuna aliyewahi kufika nyumbani, na mwalimu hakuona kasoro yoyote katika hilo. Siku moja nilisema labda tufikirie wenyewe ilivyokuwa. Akaniambia ninyooshe viganja. "Wewe umekuwa wapi hata ufikiri?" akasema, akanichapa. Hilo lilikuwa neno lake la pili.

Kulikuwa na kipande kimoja kilichohusu milima yetu. Mzungu fulani alipita zamani, amebebwa kwenye machela, ana homa. Aliyaona mashamba yetu kwa mbali, kutoka upande wa pili wa bonde, wala hakushuka. Akaandika kwamba watu wa milima hii huwazika wafu wao kwenye miteremko, kaburi kando ya kaburi hadi kileleni, kisha hupanda mahindi juu yao, na kwamba moyo wake uliingia huzuni kuona nchi yenye vifo vingi hivyo.

Mtu wa kwetu hahitaji kuambiwa yule Mzungu aliona nini. Aliona ngolo. Kwa asiyezijua: mlima ukiwa mkali, mvua hushuka na udongo wote. Kwa hiyo wanaume hufyeka majani na kuyalaza chini kwa mistari inayokatana, yakafanya miraba. Halafu sisi wanawake tunaingia na majembe, tunachimba katikati ya kila mraba na kuyafukia majani kwa udongo ule. Shimo linabaki katikati, matuta yanabaki pembeni, maharage na mahindi yanakaa juu ya matuta. Maji yakija yanatulia shimoni. Ndivyo tunavyokula. Mgongo wangu unauma mpaka leo kwa ajili ya ngolo, na sijazika mtu hata mmoja humo.

Mwalimu alipokisoma kipande kile, mtoto mmoja, mwana wa mhunzi, aliangua kicheko. "Mwalimu, hizo si ngolo?" Akachapwa mbele yetu. Kisha sote tukaandika kwenye vibao: Watu wa milimani huzika wafu wao kwenye miteremko. Ukiinua macho, dirishani ulikuwa unauona mteremko mzima, na wanawake wameinama ndani ya ngolo, mama yangu akiwa mmoja wao. Niliandika kwa mwandiko mzuri. Nilipata alama zote.

Chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku la bati lililofungwa tayari kwa safari. Nililiona mara nyingi, maana wasichana tulikuwa tunafagia nyumba yake kwa zamu. Ndani aliweka koti zito, soksi za sufu, sabuni, sindano na uzi, na kamba ndefu, kwa sababu mmoja wa wale watu wa kitabuni aliokolewa na kamba. Kila mwaka baada ya mavuno alilitoa nje, akayaanika yale mavazi juani, akayakunja tena. Hakuna aliyekuwa amemwalika popote. Chai alikunywa bila sukari ili mdomo uzoee mapema. Viatu alivining'iniza shingoni hadi karibu na kanisa, akavivaa pale. Ukimuuliza kama amewahi kwenda nchi fulani, alijibu, "Nimeisoma," na alilitamka kama mtu aliyegongewa muhuri wa pasipoti huko.

Na ziwa aliliogopa! Mtu aliyekuwa akitufundisha namna ya kukaa chomboni bahari ikichafuka hakuweza kusimama ufukweni Mbamba Bay bila kushika kitu. Wanyasa, watu wa ziwani, waliopandisha dagaa huku kwetu walikuwa wanamtania. "Mwalimu, njoo tukuvushe ukawasalimie wa ng'ambo." Alicheka nao, lakini jasho lilimtoka. Mimi nilifurahi kuliona lile jasho, na sioni haya kusema.

Ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya saa zote. Mtoto wangu wa kwanza alipopata degedege, yeye ndiye aliyembeba mgongoni hadi zahanati ya misheni, mvua inanyesha, mume wangu akiwa mnadani na kahawa. Mtoto alipona. Hakudai shukrani, wala hakulitaja tena. Jambo hili wanaomsifu hunikumbusha kila ninapofungua mdomo, ndiyo maana nimelisema mimi mwenyewe kabla yao.

Sasa nimfikie mume wangu.

Alikuwa karani wa chama cha wakulima wa kahawa, kijana mtaratibu, hodari wa mizani, mwenye kicheko cha polepole. Ikaja habari kwamba serikali inataka kijana mmoja wa wilaya apelekwe Uingereza mwaka mzima akasomee mambo ya vyama vya ushirika. Padri alilitaja jina la mume wangu, na chama kikalikubali. Kilichobaki ni kuitwa Songea kwenda kuhojiwa na wakubwa. Sikulala kwa furaha. Nilikuwa na watoto wawili na nyumba ya nyasi inayovuja, na mbele yangu nilimwona mtu anayerudi kwenye kazi itakayotupatia bati la kuezeka.

Nani amwandae? Hakuna aliyeuliza mara mbili. Kuanzia hapo mume wangu alikuwa anavuka kijito kila jioni. Mwalimu alimfundisha kula kwa uma kwa kutumia viazi vya kuchemsha. Alimsimamisha kijitoni alfajiri ya Julai, maji yanauma mpaka mfupani, azoee theluji. Alimfundisha kushona fedha ndani ya pindo la suruali, kwa kuwa mmoja wa kitabuni aliibiwa. Mmoja alisema mgeni asikatae chakula chochote anachopewa, mwingine alisema asile chochote kisichochemshwa mbele yake. Mwalimu akaamua kwamba mume wangu ale nusu. Nyumbani nilikuwa nacheka hadi machozi. Yeye hakucheka. Alikuwa amekwishaanza kusema "imeandikwa."

Jioni moja alirudi amenuna. Mwalimu alikuwa amempa swali la kujaribia: wakikuuliza watu wa kwenu wanalimaje, utajibu nini? Akajibu ngolo, akaeleza vizuri, kama mtu aliyefyeka majani yake mwenyewe. Mwalimu akamwambia amekosa. Akamfungulia kile kipande cha makaburi.

"Na wewe ukasemaje?" nikamuuliza.

"Nikasema, Mwalimu, hii si kweli. Akasema, mtihani hauulizi kweli, unauliza kilichoandikwa. Ameandika Mzungu, na atakayeuliza ni Mzungu. Utambishia mtu mbele ya mwenzake?"

"Mume wangu, sema ngolo."

"Mwalimu hajanikosesha mtihani hata mmoja, tangu darasa la kwanza."

Na hapo ndipo penye uchungu, maana ilikuwa kweli. Sote tulipita mikononi mwake hivyo. Ulijua kitu kimoja shambani na kingine kibaoni, na kilichokupa alama ni cha kibaoni. Hatukuona kwamba ni uongo. Tuliona kwamba ndiyo elimu.

Mume wangu alilipeleka jambo hilo kwenye sengu. Kwetu wanaume wa ukoo hula pamoja uani kwa mzee, kila nyumba ikileta chungu chake, na hapohapo kwenye chakula ndipo mambo makubwa hukatwa. Likishakatwa kwenye sengu, limekatwa. Baba mkwe alimwalika mwalimu ale nao siku hiyo. Nilipeleka ugali na maharage, nikapiga magoti kuvitua, nikakaa kidogo nyuma ya ua kuliko ilivyohitajika.

"Sisi wazee hatujasoma," nilimsikia baba mkwe akisema. "Tunajua ngolo tu. Wewe mwalimu ndiye unayejua masikio ya Wazungu. Kijana aseme nini?"

"Aseme kama ilivyo kitabuni."

"Hata kama si hivyo?"

Nilisikia mtu akitafuna. Kisha mwalimu akasema, "Baba, hiki kitabu kimezunguka dunia. Sisi tumezunguka nini?"

Wakakata hivyo. Nilitaka kupaza sauti kutoka nyuma ya ule ua. Mke hapazi sauti kwenye sengu, na mimi sikupaza.

Yaliyotokea Songea alinisimulia mume wangu mwenyewe. Wakubwa walikuwa wamekaa nyuma ya meza, mmoja wao bwana shamba wa Kizungu aliyewahi kupanda milima yetu kwa miguu, akapima ngolo kwa kamba na kuzichora, akawa anazisifu kila aendako. Huyo ndiye aliyeuliza. "Kijana, huko kwenu milima ni mikali. Wazee wenu wanalimaje udongo usishuke?" Aliuliza akitabasamu, kama mtu anayekupa la bure. Mume wangu akasimama wima, mikono nyuma, akajibu makaburi. Akajibu kikamilifu, pamoja na ile huzuni ya mwishoni.

Karani wa Kiafrika aliyekuwa pembeni alicheka akajizuia. Bwana shamba hakucheka. Aliwageukia wenzake akasema, "Mtu asiyelijua shamba la mama yake, tumpeleke akajifunze nini?" Nafasi akapewa kijana wa wilaya nyingine.

Habari ilimtangulia kurudi. Mnadani wakawa wanamwita Mchimba Makaburi. Akipima kahawa mtu anamwuliza kama na hii ilioteshwa juu ya babu. Alivumilia msimu mmoja. Kicheko chake cha polepole kilikwisha, sikukisikia tena. Halafu akateremka ziwani, akavuka na wenzake kuelekea migodi ya kusini, akiniambia atarudi na bati. Mtu aliyerudi kutoka huko alituletea salamu zake za mdomo mara moja. Baada ya hapo, hakuna.

Mwalimu hakuja kunipa pole. Alikutana nami kwenye njia ya kijitoni, akasimama, akasema, "Nilimwandaa vyema. Hakukariri vizuri." Akapita. Nilikuwa na mtungi kichwani. Mpaka leo najiuliza kwa nini niliufikisha nyumbani mzima.

Miaka ikaenda. Watoto waliezeka nyumba wenyewe. Mimi nikawa nateremsha maharage hadi Mbamba Bay, wakati mwingine nikivuka nayo kwa meli, na kupandisha dagaa, na ndivyo nilivyomkuta siku ile.

Alikuwa ameketi juu ya sanduku lake la bati, karibu na mahali mitumbwi inapopakia abiria kuwapeleka kwenye meli. Amevaa lile koti zito, na jua la ziwani mnalijua. Alikuwa amezeeka, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa anasafiri. Misheni ilikuwa inawapeleka Roma wazee kadhaa waliotumikia shule zake, naye yumo: meli hadi Nyasaland, treni hadi Beira, kisha baharini.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema. Malezi ni malezi.

"Marahaba, mwanangu." Alifurahi kuniona, kabisa. Alikuwa ameshika kamba ya mtumbwi uliofungwa kwenye nguzo, hakuwa anaiachia. "Wewe unavuka ziwa hili. Meli hii, watu wanalala wapi? Wanakula nini? Ikianza kuyumba mtu anashika wapi?"

Kitabu kilikuwa mapajani mwake. Kilikuwa na barafu, na ngamia, na mlima wa moto. Hakikuwa na meli ya ziwa letu.

Nikamjibu. Nilimwambia akae katikati, asikae mbele, asile kabla ya Nyasaland. Sijui kwa nini nilimjibu. Akanishukuru, akasema kwamba huko waendako watawapeleka mbele ya wafadhili wa misheni, na yeye ndiye atakayesimama aeleze habari za Wamatengo. Alikwisha kujiandaa.

Damu ikanipanda. "Utawaambia yale makaburi?"

"Hapana, hapana." Alitikisa kichwa kwa upole, kama bado niko darasani nimekosa hesabu nyepesi. "Nitawaeleza ngolo. Mama yangu alikuwa na ngolo nzuri kuliko zote kwetu Maguu. Nimekua nikimpelekea maji mle ndani. Naweza kuzieleza usiku kucha."

"Kumbe ulikuwa unajua."

"Nani asiyejua ngolo, mwanangu?"

"Na mume wangu?"

Alilitazama ziwa, akalikimbia kwa macho. "Wakati ule nisingeweza kuwa na hakika Wazungu wanataka lipi. Ningewaambiaje watu kwamba ukurasa mmoja ni uongo? Wangeniamini ukurasa upi mwingine? Ila baada ya yale ya Songea nilielewa. Wanapenda ngolo."

Alisema hivyo. Baada ya yale ya Songea nilielewa. Mume wangu alitangulizwa kama mtu anayesukumwa mtoni ili wengine waone kina, na aliyemsukuma alikuwa amekaa hapa mbele yangu na soksi za sufu, anakwenda Roma kusifiwa kwa jembe la mama yake. Kama ningekuwa na kitu mkononi ningempiga. Nilikuwa na kapu la dagaa kichwani na mikono miwili mitupu, na niliitazama ile mikono.

Mnyasa wa mtumbwi akamwita. Mwalimu akasimama, ile kamba bado mkononi. Kijana akamshika upande mmoja. Akaninyooshea mimi mkono wa upande wa pili, nami sikuupokea. Akabaki ameunyoosha kidogo, halafu akaushusha, akashika bega la yule kijana kwa mikono yote miwili.

Alipokwisha kukaa mtumbwini, katikati kama nilivyomwambia, akakumbuka jambo. Akainua uso. Sidhani alikusudia ubaya. Aliuliza kama jirani anavyouliza.

"Mwanangu, yule mumeo. Alirudi?"

"Haijaandikwa, Mwalimu," nikasema.

Aliendelea kunitazama mdomo wazi, mpaka yule kijana akauzamisha mti na kuusukuma mtumbwi. Nikageuka kabla hawajaifikia meli. Dagaa hawasubiri, na kupanda hadi kwetu Mbinga ni mwendo mrefu.